Wiki Hii Nalala kwa Kina Noora

Nitawasimulia, lakini msinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu aibu yenyewe bado mbichi na kila nikipita langoni mwa jengo letu hapa Abu Hamour, Kato, askari wa Kiganda anayelinda pale, ananiuliza, "Madam, leo tunalala kwa nani?" na mimi nacheka naye, nifanye nini, mvuliwa nguo huchutama.

Mimi ni mwalimu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Doha kuna watu walikuwa wamelisahau, na mmoja wao ni mimi mwenyewe. Nyumbani Makueni nilifundisha watoto wadogo, nina cheti changu na vumbi la chaki nimelimeza la kutosha, lakini huku nilikuja kama msaidizi wa mwalimu, yaani yule mtu wa kufunga kamba za viatu, kupangusa makamasi, kuchonga penseli na kusimama mlangoni pa choo akiuliza "umemaliza?" Shule yetu inafuata mtaala wa Kimarekani, watoto ni wa kila taifa, na mkuu wetu ni mama wa Kimarekani tunayemwita Miss Linda, mtu aliyezaliwa katikati ya mashamba ya mahindi huko kwao (tulipatana siku ya kwanza, mahindi ni mahindi). Sasa mwaka huu mwalimu wa darasa letu akaenda kujifungua, akatuma habari kwamba harudi, kiti kikabaki wazi, na Miss Linda akaniita ofisini akaniambia mimi ni mmoja wa wale anaowafikiria, interviu ni Alhamisi, ila kabla ya hapo, Jumapili, kuna Siku ya Kale na angependa kuniona nikisimama mbele ya watoto peke yangu.

Mnaelewa maana yake? Darasa langu mwenyewe. Jina langu mlangoni. Na mama yangu kule nyumbani, ambaye kila akiulizwa kanisani binti yako anafanya nini Uarabuni hujibu "anafundisha" halafu anauliza habari za mvua, angeweza hatimaye kusema bila kuangalia pembeni. Nilikuwa naitaka hiyo kazi mpaka nikawa naiota.

Siku ya Kale kila darasa huigiza maisha ya zamani ya watu fulani, na letu lilipewa mwalimu wa kike wa vijijini Marekani, enzi za mababu. Haikuwa bahati nasibu. Bibi mzaa bibi yake Miss Linda alikuwa mwalimu wa namna hiyo, na gauni nililopewa kuvaa, refu mpaka kwenye vidole, na ile kofia ya kitambaa inayofungwa kidevuni, Miss Linda alivishona kwa mkono wake. Pamoja na gauni akanipa karatasi ya maelezo, nami jioni nikamsomea Auma, rafiki yangu muuguzi ninayeishi naye. Mwalimu huyo alifundisha watoto wa rika zote katika chumba kimoja. Asubuhi aliwasha jiko la kuni, akafagia, akachota maji, ndipo akapiga kengele. Hakuruhusiwa kuolewa, akiolewa kazi imekwisha. Asionekane na mwanamume asiye baba yake wala kaka yake. Usiku usimkute nje. Na nyumba hakuwa nayo, alilala kwa wazazi wa wanafunzi kwa zamu, wiki hii kwa hawa, wiki ijayo kwa wale, akila walichopika na kulala kitanda kimoja na watoto wao.

Auma alikuwa anachua miguu yake baada ya zamu. Akainua kichwa.

"Nduku, hebu ngoja. Hii si ndiyo kandarasi yetu?"

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta, kwa sababu apatimenti tunayokaa ni ya ajenti aliyetuleta huku, chumba kimoja vitanda viwili na pazia katikati, mgeni wa kiume haruhusiwi kupita lango, na saa nne usiku mlango unafungwa hata kama umesimama hapo nje na kitambulisho mkononi. Tungeishia hapo kwenye kucheka, leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia.

Kosa langu lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Ile karatasi ilikuwa na majina ya familia za Kimarekani ambako mwalimu alilala, majina ya kugonga meno, nami nikakumbuka tulivyofundishwa chuoni kwamba mtoto umtoe kwenye anachokijua umpeleke kwenye asichokijua. Basi nikayafuta yale majina, nikaweka ya watoto wa darasa letu. Ni hilo tu. Sikuiba, sikutukana mtu, nilifuata nilichosomea.

Jumapili nikavaa gauni, nikafunga kofia, nikashika sanduku la zamani la Auma, nikasimama mbele ya wale watoto wa miaka sita na Miss Linda nyuma yao kwenye kiti kidogo.

"Mimi sina nyumba," nikaanza, kwa sauti ile niliyoitumia kwenye igizo la Krismasi kanisani kwetu (nilikuwa mke wa mwenye nyumba ya wageni, yule aliyemnyima Mariamu chumba, na wazee walilia). "Wiki hii nalala kwa kina Noora. Wiki ijayo nalala kwa kina Aarav. Kila nilicho nacho kimo ndani ya sanduku hili."

Noora, mtoto wa Kiqatari anayelelewa na bibi yake, akanyoosha mkono. "Abla Nduku, kwetu utalala na nani?" (Abla ndivyo wanavyowaita walimu wa kike huku.)

"Na wewe, kitanda kimoja."

"Na kuna baridi?"

"Baridi kali. Theluji inapenya kwenye mbao, nikiamka asubuhi blanketi limekuwa jeupe."

Aarav naye, mtoto wa Kihindi, mwenye maswali kuliko polisi, akauliza, "Na kama kwetu hakuna nafasi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema asanteni watoto. Lakini nilimwona Miss Linda ameweka mkono kifuani, macho yamemlowa, na kile kiti cha darasa la kwanza nikakiona kinanijia chenyewe, basi nikainamisha kichwa, nikaruhusu chozi moja liteleze, nikasema polepole, "Basi nitalala jikoni, karibu na jiko, nimwombe Mungu kupambazuke." Miss Linda akapiga makofi. Na mstari wa mwisho wa karatasi, ule uliosema kwamba hayo yote yalikuwa ya zamani na siku hizi walimu wana nyumba zao, ulikuwa bado kinywani mwangu kengele ya mapumziko ilipolia na watoto wakakimbilia nje.

Jumatatu wakati wa kuchukua watoto, mama yake Aarav akanijia na bakuli za chuma zilizopandana, zile wanazobebea chakula, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Miss, kwetu ni padogo," akasema, "lakini chakula hakitakukosa." Nikadhani anasifu igizo. Sheria ya shule inasema zawadi ya mzazi haipokelewi wala nyumbani kwa mzazi hukanyagi, nilitia saini mwenyewe, lakini zile bakuli zilikuwa zinanukia biriani na nikajiambia kwamba zawadi ni saa au manukato, chakula si zawadi, chakula ni chakula, na kwetu hakikataliwi. Tukakila na Auma, tukalamba vidole.

Saa kumi simu ikalia, Kato yuko langoni. "Madam, shuka. Kuna watu banakuletea nyumba."

Nikashuka na kandambili. Nje jua lilikuwa la mwezi wa tano, lami inashika soli, na pale mlangoni limesimama gari kubwa jeupe na Hamisi anashusha godoro. Hamisi ni Mkenya mwenzetu, mtu wa Likoni, nilimfahamu kwa jina kwenye grupu letu la simu la Wakenya wa Doha, ila sikujua kwamba anamwendesha bibi yake Noora. Lilikuwa godoro jipya ndani ya plastiki yake, la kulala watu watatu wasigusane. Juu ya godoro mablanketi mazito yenye picha ya chui. Juu ya mablanketi hita ya umeme. Hita, jamani, Doha, mwezi wa tano.

"Hamisi, hii ni nini?"

"Mwalimu, mimi nimetumwa tu. Mtoto kalia usiku kucha, asema abla wake hana pa kulala, theluji yamwingia. Bibi asema hiyo theluji haijui, lakini mwalimu wa mjukuu wake kulala jikoni hilo halikubali."

"Ilikuwa mchezo. Rudisha tafadhali, kazi yangu itaniponyoka."

"Nikirudi nalo, mimi ndiye nitakayelilalia. Huyu bibi wewe humjui."

Akaliingiza ukumbini. Kwenye lifti halikuingia, kwenye ngazi halikupinda, likabaki pale chini karibu na meza ya Kato, nami nikakaa juu yake nifikirie, mikono kichwani. Nikasikia simu ikipiga picha. Hamisi alitaka kumwonyesha bibi kwamba mzigo umefika, hilo simlaumu. Ninachomlaumu ni kwamba picha hiyohiyo akaiweka kwenye grupu, na chini yake akaandika: Mwalimu wetu mambo si mazuri, tuombeane.

Sijui kama mnajua grupu la Wakenya walio ughaibuni likiona picha ya mtu amekaa juu ya godoro ukumbini. Kabla ya magharibi nilikuwa nimefukuzwa nyumba, nimenyang'anywa pasipoti na nina mimba. Mama Brayo, mwenyekiti ambaye hakuna anayekumbuka alichaguliwa lini, akatoka Al Wukair na gari limejaa watu, wakaja na unga, sukari, majani ya chai, na mchungaji aliyepiga magoti moja kwa moja juu ya lile godoro akaanza kukemea. Mwanamume mmoja wa hoteli kule The Pearl, ambaye sijawahi kumwona maishani, akanivuta pembeni akaniambia ana chumba chake na nia yake ni safi.

"Jamani, sijafukuzwa," nikasema. "Ninakaa hapa juu, ghorofa ya tatu."

Mama Brayo akawageukia wenzake kwa huruma. "Ameanza kukana. Huo ni mshtuko, mpeni maji."

Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonisikitikia, kwa sababu jaribuni nyinyi kumweleza mtu aliyetoka kupiga maombi kwamba nilikuwa nimejifanya mwalimu wa Marekani wa enzi za mababu asiye na kwao, na watoto wakaamini, na bibi akatuma hita. Hata mimi nilipojisikia niliona huyu mtu hayuko sawa. Auma akaingia katikati ya hayo yote na sare yake ya hospitali, akaona umati, akaona mchungaji, akasimama.

"Nduku," akasema, "nani amekufa?"

Lililoniuma si hayo. Lililoniuma ni simu ya mama yangu kesho yake alfajiri, kwa sababu habari za grupu hufika Makueni kabla hazijamaliza kusomwa Doha.

"Usinifiche, mwanangu. Nimeambiwa unalala nje kwenye baridi."

"Mama, huku ni joto."

"Wameniambia utasema hivyo. Rudi tu nyumbani. Watu wa kanisani nitawajibu mimi. Kitanda chako bado kipo pale pale, sijampa mtu."

Nikamwambia angoje mpaka Alhamisi, huenda nikawa na habari njema. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata kidogo, nami nikakaa upande wangu wa pazia nikalia kweli, bila gauni na bila watazamaji.

Alhamisi ikafika. Nikavaa suti yangu ya kijivu, nikaingia. Miss Linda katikati, naibu wake upande mmoja, na kiti kimoja kitupu kwa sababu mtu wa tatu alikuwa amekwama barabarani. Mambo yakaanza vizuri, nikajibu habari za kusoma na kuandika mpaka naibu akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha Miss Linda akatazama karatasi yake akauliza, "Na utawekaje mipaka kati yako na wazazi?"

Nilikuwa nimelisomea hilo swali. Nikaketi wima, nikasema mwalimu bora hachanganyi kazi na maisha ya familia za wanafunzi, hapokei kitu, haombi kitu, na mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia kwanza ni bibi yake Noora, mama mfupi wa abaya nyeusi na fimbo ambayo sikumwona akiiegemea, alikuwa anaionyeshea watu. Nyuma yake Noora ameshika abaya. Nyuma ya Noora katibu wa shule akisema samahani samahani. Na nyuma ya wote Hamisi, uso umemnywea, kwa sababu yeye ndiye mkalimani. Kumbe ile picha bibi alikuwa ameitazama kwa makini akauliza hapa ni wapi, Hamisi akasema ukweli kwamba ni ukumbini mlangoni, na bibi akaelewa kwamba nimepewa godoro na nimelitandika palepale kwa askari kwa kukosa chumba.

Akazungumza. Hamisi akatafsiri kwa Kiingereza, akitazama zulia. "Anauliza, shule kubwa namna hii, viti vya ngozi, baridi ya AC mpaka kwenye choo, na mwalimu analala kwenye korido?"

Miss Linda akageuka rangi ya nyanya. "Nduku," akasema taratibu, "tafadhali waeleze kwamba una nyumba."

Nikaeleza. Nikaeleza gauni, karatasi, majina, mstari wa mwisho ulioliwa na kengele, nikaeleza hata biriani kwa sababu nilishaona nimeisha, heri nife msafi. Hamisi alikuwa anatafsiri huku anafuta jasho. Bibi akasikiliza yote, akavuta kile kiti kitupu cha mtu wa tatu, akaketi kwenye jopo, akaanza kuniuliza yeye.

"Mama yako yuko hapa?"

"Hapana, yuko kwetu."

"Mume?"

"Sina."

"Hiyo nyumba yako, chumba ni chako peke yako?"

"Tuko wawili. Tumeweka pazia."

"Mlango unafungwa na nani?"

"Na ajenti," nikasema. "Saa nne."

Bibi akaegemea nyuma, akasema neno moja kwa sauti ya chini, miskina, ambalo halikuhitaji mkalimani kwa Mswahili yeyote. Kisha akamwinamia mjukuu wake akamwambia jambo. Nikamtazama Hamisi. Hamisi akaacha Kiingereza, akaniambia mimi, kwa Kiswahili cha kwao, polepole, "Amwambia mtoto: wewe hukusema uongo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali la interviu isipokuwa hayo manne, na machozi yaliyonitoka hapo sikuyaruhusu, yalijitokea yenyewe. Noora akaja akanipa kitambaa cha karatasi kutoka mezani kwa Miss Linda. Akanishika sikio akaninong'oneza, "Pangusa," vile vile ninavyomwambia yeye kila siku.

Nikaambiwa nisubiri nje. Nikasubiri, nikipanga kichwani jinsi nitakavyofunga mizigo na jinsi hita itakavyolipiwa kwenye ndege. Miss Linda akatoka, akaketi kando yangu kwenye benchi la watoto watoro. Kwanza akanionya, na alinionya sawasawa: majina ya watoto, chakula cha mzazi, godoro, yote yameingia kwenye faili langu na yasirudie. Kisha akasema bibi mzaa bibi yake alifika nyumba moja, zamu yake ilipokwisha akafunga sanduku lake aende kwa jirani, mama mzee wa nyumba ile akasimama mlangoni akakataa, akasema huyu msichana hahami tena, akaenda kugombana na wazee wa shule mpaka wakampa mwalimu chumba chake.

"Nimeisimulia hadithi hiyo maisha yangu yote," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona huyo mama mzee." Akainuka. "Darasa ni lako. Jumapili njoo mapema."

Kwenye grupu Mama Brayo alitangaza kwamba maombi yamejibiwa na mwalimu amepata nyumba, nami nikaacha, nimechoka kusahihisha. Shule nayo imesema walimu wa darasa hupewa chumba chao, wakaniwekea jina kwenye foleni, na foleni ya Doha mnaijua, kwa hiyo pazia letu bado lipo. Godoro analilalia Kato, amesema tangu atoke Kampala hajawahi kuota ndoto ndefu hivyo. Hita iko chini ya kitanda changu ndani ya boksi lake. Blanketi la chui ndilo ninalojifunika, kwa sababu Auma usiku huiweka AC mpaka pua zinaganda, na theluji ninayoijua mimi ni hiyo. Mama yangu amewaambia watu wa kanisani mara tatu kwa Jumapili moja.

Mimi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba mwakani Siku ya Kale nitakuwa jiko. Nitasimama pembeni nimepakwa masizi, sitasema neno, sitatoa chozi, na asiye na nyumba atakuwa mtu mwingine mwenye nyumba ya kutosha kuichezea.

Ila bibi yake Noora bado haamini kwamba nina nyumba. Kila Alhamisi Hamisi hufika langoni na sufuria ya wali na nyama, anaiacha kwa Kato, anaondoka mbio kabla sijashuka. Sheria ya shule inajulikana, kitu cha mzazi lazima kirudishwe, na safari hii naifuata bila kukosa. Kila Jumapili asubuhi namkabidhi Hamisi sufuria yake, imeoshwa.